Ua Lililotoka Kimbiji

Jumapili, 9 Machi

Mvua kuanzia alfajiri mpaka saa nne asubuhi. Masika yameingia kwa adabu. Mfereji wa mbele haujajaa.

Ua: mita 11 na sentimita 2. Limeongezeka sentimita 3 tangu Jumapili iliyopita.

Daftari la zamani limeisha jana, nimefungua hili. Masjala tulikuwa tukifanya hivyo jalada likijaa: linafunguliwa la pili, na ukurasa wa kwanza unaeleza la kwanza liliishia wapi. Basi na mimi nieleze. Jina ni Yustina, mjane, nimestaafu ukarani wa masjala mwaka jana. Nyumba iko Gongo la Mboto. Mume wangu Anselmo, fundi wa pampu za idara ya maji, alifariki miaka sita iliyopita. Mtoto ni mmoja, Benjamin, anaishi Sinza na mkewe Blessing. Mjukuu ni mmoja, Hope, ana miaka miwili na miezi saba. Wazazi wake wote wako kazini, kwa hiyo Hope ni wangu Jumatatu mpaka Jumamosi. Benjamin anamleta Jumatatu asubuhi, analala hapa wiki nzima, Blessing anakuja kumchukua Jumamosi. Jumapili nyumba huwa kimya, ndiyo maana Jumapili ni siku ya kupima.

Ninachopima ni ua la Anselmo. Ni lile la kutambaa ambalo kila nyumba ya tatu mtaani inalo, majani yenye umbo la moyo, kijani chenye michirizi ya njano kama mtu kakung'uta brashi ya rangi. Wauza maua wa barabarani wanaliita mani planti. Sisi hatukuwahi kulipa jina. Anselmo alirudi nalo kutoka Kimbiji mwaka 1994 likiwa kipande cha pingili mbili ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilimuuliza amelitoa wapi, akasema, "Kwa mtu." Nilimuuliza kwa miaka ishirini na tano, jibu halikubadilika. Ndoo yake iko juu ya kabati. Kutoka hapo limezunguka sebule yote kwa misumari, limepita juu ya picha ya harusi na juu ya mlango. Yeye alilipima kila Jumapili baada ya misa. Nami naendelea.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Hope amekataa uji, amekubali magimbi ya jirani Rosalia. Vipande vitatu.

Alhamisi, 13 Machi

Jua. Nimeanika magodoro. Hope kapimwa kwenye fremu ya mlango: sentimita 88.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika saa kumi na mbili jioni.

Blessing alifika saa tano asubuhi kumchukua mtoto. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibu." Nilikuwa jikoni juu ya kiti changu nachambua mchele, nikamwambia asubiri chakula. Alibaki sebuleni na Hope. Simu yake ikaita, akasimama mlangoni pale mtandao unaposhika. Nilisikia akisema, "Ndiyo bosi, ndiyo bosi, nitaituma leo." Hope alikuwa analia anataka simu. Kisha akanyamaza. Nilifurahi kwamba kanyamaza. Halafu ikaja ile sauti.

Nilipofika sebuleni mtoto alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili, mate yanamtiririka mpaka kifuani, midomo imeanza kuvimba. Sakafuni pana nusu ya jani, imetafunwa. Blessing alikuwa amemshika mabega anamtikisa, "Tema! Hope, tema!" Simu iko chini, bosi bado anaongea ndani yake.

Tulikwenda zahanati na mvua. Sikumbuki kama nilivaa viatu, ila nimerudi navyo. Muuguzi alimsafisha mdomo, akampa maziwa ya baridi, akamtazama koo kwa tochi mara tatu. "Koo halijafunga," alisema. "Linawasha, litapoa. Mkae hapa mpaka saa tisa nimwone anavyopumua." Tulikaa kwenye benchi, mimi upande huu na Blessing upande ule, mtoto katikati. Saa tisa kasorobo Hope akaomba biskuti.

Nilidhani yameisha. Tulipofika nyumbani Blessing alikusanya nguo zote za mtoto, si za Jumapili tu kama kawaida. Alianua hata zile zilizokuwa kwenye kamba, mbichi, akazitia kwenye mfuko.

"Mama," akasema, "unajua lile ua linaitwaje kwa Kiingereza? Nimesoma kule zahanati. Wanasema ni la shetani. Na ni sumu."

"Limo humu miaka thelathini, Blessing."

"Ndiyo hivyo, mama. Miaka thelathini."

Akaondoka. Mchele uko jikoni, nusu umechambuliwa.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kubwa. Ua: mita 11 na sentimita 5.

Jani lililochumwa ni la karibu na mlango, pale ua linaposhuka. Kikonyo kimekatwa vizuri, kama kwa ukucha. Kutoka sakafuni ni mita moja na sentimita 52. Nimepima mara mbili. Labda mtoto alipanda kiti. Kiti anachoweza kukisogeza kilikuwa jikoni, nilikuwa nimekikalia. Naandika tu kama ilivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Benjamin hakuja. Saa mbili uji ulikuwa tayari. Saa tatu nikapiga simu.

"Hope yuko salama kabisa mama, anakimbia. Mpe Blessing muda kidogo."

"Muda wa nini?"

"Muda tu, mama."

Uji nimekunywa mwenyewe. Ulikuwa na sukari nyingi, aipendavyo Hope.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Sina la kuandika.

Ijumaa, 21 Machi

Njia ya Msalaba na jumuiya yetu, nyumbani kwa Rosalia. Rosalia ni mwenyekiti wa jumuiya, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mtu wa Masasi kama sisi. Ana moyo mzuri na mdomo usio na kifuniko. Wengine walipoondoka akanishika mkono.

"Dada Yustina, usikasirike. Nikuulize. Shemeji lile ua alilitoa wapi?"

"Kimbiji."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Haya. Na Benjamin alizaliwa lini?"

Anajua Benjamin alizaliwa lini. Ndiye aliyeniletea maji ya moto hospitali nilipojifungua. Mimi na Anselmo tulikaa miaka saba bila mtoto. Ua liliingia ndani Julai ya 1994. Benjamin alizaliwa Juni iliyofuata.

"Huko pwani kipindi kile watu walikuwa wanakwenda kwa waganga kutafuta watoto," alisema Rosalia. "Unapewa mti, unaambiwa uweke ndani, usimwambie mwenzio. Sisemi ndivyo. Nasema tu wanaume wana siri."

"Umeshamwambia nani mwingine hayo?"

Akaangalia mikono yake. "Benjamin alinipigia kunisalimia. Nikamwambia, ili ajue. Si kwa ubaya, dada."

Nimerudi nyumbani nikakaa chini ya ua. Miaka sita nimemlilia mtu huyu na leo naiuliza picha yake ukutani: Anselmo, ulikwenda kwa nani?

Jumapili, 23 Machi

Mvua asubuhi, mawingu mchana. Ua: mita 11 na sentimita 8. Linakua kama halina habari.

Benjamin kaja, peke yake. Kaleta maembe ya mwisho ya msimu na mkate. Hakukaa kwenye kiti cha baba yake kama siku zote, kakaa karibu na mlango.

"Mama, likate tu. Ni ua."

"Kama ni ua tu, kwa nini likatwe?"

"Kwa sababu ya amani." Akasugua uso. "Blessing halali. Wenzake wa maombi pale Sinza wamemwambia mambo, na mama Rosalia naye kaongeza ya kwake. Sasa Blessing anasema mie mwenyewe nilipatikana kwa..." Hakumaliza.

"Kwa nini? Sema."

"Kwa huo mti."

Mwanangu ana miaka ishirini na tisa, ana mabega ya baba yake, na alisema hivyo akiangalia sakafu kama aliyevunja sahani.

"Na wewe unaamini?"

"Sijui, mama. Ningejua baba alilitoa wapi, ningemjibu."

Ndipo akaniambia lililomleta. Wamepata nafasi kwenye dei kea moja ya watoto huko huko Sinza, wiki ya baada ya Pasaka. Kama ua litakuwa limetoka, Hope atarudi kwangu. Kama halijatoka, Hope ataanza dei kea, na mimi nitamwona siku wakipata nafasi ya kuja.

Pasaka ni tarehe 20 Aprili. Siku ishirini na nane.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Nimechukua mkasi wa cherehani, nimepanda kiti, nimefungua mkasi kwenye pingili ya kwanza juu ya ndoo. Kukata pale ni kulikata lote. Nimesimama hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Nikajiambia: Yustina, hujawahi kuteketeza jalada bila kulisoma.

Nimeshuka. Nimetoa sanduku la karatasi za Anselmo. Ziko kwa mpangilio wa miaka, nilizipanga mwenyewe baada ya arobaini yake. Mwaka 1994, Julai: kibali cha safari, wiki tatu, "Kimbiji, matengenezo ya pampu ya shule". Kumbe jibu la kwanza nilikuwa nalo ndani ya nyumba.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwambia Rosalia nakwenda Kimbiji barabara ikipitika. Akasema, "Tunakwenda." Nikamwambia sikumwalika. Akasema, "Mie ndiye niliyeongea, mie ndiye nitakayesikia. Wakisema mganga, nitakushika mkono. Wakisema siyo, nitajishika mdomo."

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Majirani wameleta pilau. Mvua haijakata siku tano, barabara ya kule wanasema imekatika.

Alhamisi, 3 Aprili

Jua siku ya pili. Nimesikia magari yanapita.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi, tumerudi saa kumi jioni. Sketi ina matope mpaka magotini na sijaifua. Nataka kwanza niandike.

Bodaboda zilitushusha shuleni. Mlinzi alipoona kibali cha Anselmo cha mwaka 1994 alicheka. "Mama, mwaka huo mie sijazaliwa. Mtu wa miaka hiyo ni Mwalimu Tekla tu. Nyumba ile ya nyuma, yenye kuku."

Mwalimu Tekla ni mama wa Bukoba aliyepangiwa Kimbiji kufundisha baiolojia akiwa binti na hakuondoka tena. Ana miaka sabini na kitu, mwembamba, na tulimkuta ameinama ndani ya banda akitafuta mayai. Hakutoka. Tulimwamkia tukiwa nje ya wavu.

"Marahaba. Semeni tu, nasikia. Huyu jike anaficha mayai."

Nikasema nimetoka Gongo la Mboto, mume wangu alikuwa fundi wa pampu, alifanya kazi hapa mwaka 1994, na alirudi nyumbani na ua la kutambaa.

Akainuka. Mkononi ana yai moja.

"Mke wa mwizi!" akasema.

Rosalia alinikamata mkono, kama alivyoahidi.

"Ingieni, ingieni. Miaka yote hii namngoja mke wa mwizi." Akawa anacheka kiasi kwamba ilibidi ampe Rosalia yai alishike. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia. Akaacha kucheka, akasema pole, kisha akatufunulia yote. Nayaandika kama alivyosema.

Anselmo alikuwa ndani ya kisima cha shule wiki tatu. Barazani kwa Mwalimu kulikuwa na ua hili kwenye ndoo, naye kila jioni akipita analitazama. Wanawake wa pale wakamwambia kwa mzaha: ua la kuomba hunyauka, ua la kuiba ndilo linaloshika.

"Hata kwetu Masasi tunasema hivyo," alidakia Rosalia. "Mie langu nimeiba kwa huyu huyu."

Sikuwa najua. Tutaongea siku nyingine.

"Siku ya mwisho aliondoka na pingili mbili," aliendelea Mwalimu. "Nilimwona dirishani. Mwanaume mzima, anakata ua huku anaangalia kushoto na kulia. Nikanyamaza. Mwaka uliofuata nikamwona huyo, na kilo mbili za sukari na washa, ile raba mpya ya bomba langu. Akasema, 'Mwalimu, nimekuja kukiri. Nilikuibia. Sasa nimepata mtoto wa kiume, na sitaki mwanangu akulie chini ya ua la wizi.' Nikamwambia nimekusamehe zamani. Nikamuuliza, mkeo anajua? Akaruka. 'Hapana, Mwalimu! Mke wangu ni karani wa masjala. Akijua limetoka bila saini, atanirudisha nalo hapa kwa miguu.'"

Nilicheka. Nilipoanza sikuweza kuacha, na katikati ya kucheka nikawa nalia. Mwalimu akamwangalia Rosalia, Rosalia akamwangalia Mwalimu, hakuna aliyenizuia. Kwa sababu ni kweli. Ningemrudisha nalo. Kwa miguu.

Rosalia ndiye aliyeuliza. "Mwalimu, samahani. Hakwenda kwa mganga?"

"Saa ngapi? Kutwa yuko kisimani kwangu, jioni anaoga tope, analala ofisini kwa mwalimu mkuu. Mganga gani anayemfuata mtu ndani ya kisima?"

Kisha akatupeleka nyuma ya banda kutuonyesha mama wa ua letu. Sikuliona. Niliona mfenesi, na juu yake mti mwingine umeparamia, majani makubwa kama sinia, yamechanika pembeni. "Ndilo hilo," alisema. "Ndani ya nyumba linabaki dogo. Lipe mti wa kupanda, uone." Nikashika jani moja. Michirizi ya njano ile ile.

Nikamwambia kuhusu Hope, na kuhusu jina la shetani. Hakushtuka.

"Jina lipo, Waingereza wanaliita hivyo. Unajua kwa nini? Ukiliweka gizani halifi. Ukilikata linaota. Ukilisahau linakungoja. Wameshindwa kuliua, wakamsingizia shetani. Wengine wameliita la dhahabu, wengine la fedha, kila mtu na hamu yake. Wataalamu wenyewe wamelibadilisha jina la kitabuni mara tatu nne, maana wao hutambua mmea kwa maua yake, na hili halitoi maua. Mimi nimekaa nalo miaka arobaini, sijaona."

"Basi kwao ni wapi?"

"Moorea. Kisiwa kimoja, kidogo, katikati ya Pasifiki. Huko ndiko mwanzo. Mengine yote duniani ni kipande kilichokatwa kwa mwenzake. Langu nilipewa na sista mmoja wa Bukoba. Sista alipewa na nani, sijui. Lakini ukifuata mkono kwa mkono, mwisho unafika kisiwani."

Nilifikiria jalada lile: limetoka kisiwani, limepita mikono isiyohesabika, halina cheti cha kuzaliwa, limebadilishwa jina mara nne, na hakuna aliyewahi kutia saini.

"Na sumu?" aliuliza Rosalia.

"Wewe unapika magimbi?"

"Kila asubuhi, Mwalimu! Jumuiya nzima wanakula kwangu."

"Ukilila bichi?"

"Ah, linawasha koo hilo, hutalala."

"Haya. Ua hili ni ndugu wa magimbi. Ukoo mmoja, utomvu una visindano vile vile visivyoonekana. Tofauti, gimbi tunalipika. Mtoto asilitafune, liwekwe juu. Huyo ndiye shetani wenu."

Rosalia alijishika mdomo kwa mkono, kama alivyoahidi. Tulipokuwa tunaondoka ndipo akasema, "Kwa hiyo nimewalisha jumuiya shemeji yake shetani miaka kumi, na wamenichagua mwenyekiti mara mbili."

Mvua ilitukuta njiani. Ilikuwa mvua tu.

Jumapili, 6 Aprili

Ua: mita 11 na sentimita 13. Nimelipangusa majani yote kwa kitambaa kibichi, moja moja. Anselmo, mwizi mkubwa wewe.

Nimempigia Benjamin nikamweleza yote. Nilipofika kwenye sukari kilo mbili nilisikia anapenga kamasi. "Kwa hiyo mie nilipatikana tu," alisema. Nikamwambia ndiyo, kama watoto wote, kwa subira.

Baadaye nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe 16 Machi, nikausoma kama jalada la mtu mwingine. Jani lilikuwa mita moja na sentimita 52. Hope ni sentimita 88. Kiti kiko jikoni. Kikonyo kimekatwa kwa ukucha. Na pale mlangoni ndipo mtandao unaposhika.

Nikakaa.

Blessing alikuwa na bosi sikioni na mtoto anayelia. Akanyoosha mkono, akachuma kilichokuwa karibu, akampa ashike, anyamaze. Mama gani hajafanya hivyo? Mimi nilimpa Benjamin kifutio cha ofisi, akakimeza.

Ningeweza kumpigia Benjamin tena na kumshitaki mkewe kwa sentimita. Karani ndani yangu alikuwa ameshachukua simu. Nimeirudisha mezani. Nikikumbuka ile siku kwenye benchi la zahanati, nilidhani ananikasirikia mimi. Sidhani tena.

Nimempigia Blessing mwenyewe. Nikamsimulia Mwalimu, sukari, magimbi. Kuhusu jani sikusema kitu. Nikasema nitalipandisha ua juu zaidi, hata lisifikiwe na mtu mzima.

"Nimesikia, mama," akasema. "Nitafikiri."

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimehamisha misumari yote mpaka usawa wa dari. Kazi ya siku mbili. Rosalia alishika kiti na kutoa maagizo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Hakuna simu.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Mita 11 na sentimita 15. Hakuna simu.

Jumatano, 16 Aprili

Mfereji umejaa, maji yamefika ngazi ya kwanza. Yamerudi. Nimefua nguo mbili za Hope zilizobaki chini ya kitanda, ingawa zilikuwa safi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimefunga. Nimechukua mkasi tena, nimeuweka mezani. Leo sikuwa na hofu ya ua. Nilikuwa nafikiri: kama ni ua au mtoto, jibu Anselmo angelijua bila kupima. Wakisema litoke, nitalikata Jumapili jioni, nitaweka pingili mbili kwenye kopo, nimpe Rosalia alee.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Misa ndefu, mvua fupi. Benjamin kapiga: "Heri ya Pasaka, mama. Kesho utakuwepo?" Nimemjibu niende wapi. Mkasi bado uko mezani.

Jumatatu, 21 Aprili

Wamekuja. Gari la kukodi lilisimama saa nne, wakashuka Blessing na Hope, Benjamin hayumo. Hope aliruka dimbwi, akaangukia ndani yake, akainuka na kunikumbatia mapaja akiwa matope matupu. Nguo nilizofua Jumatano zimepata kazi.

Blessing alisimama katikati ya sebule akiangalia dari. Halafu akaona mkasi mezani.

"Mama, ulitaka kulikata?"

"Nilikuwa nawangoja."

Akakaa kwenye kiti cha Anselmo bila kufikiri, ingawa watu wengi hukiogopa. Akaanza kulia bila sauti.

"Mama, Hope hakulichuma. Nilimchumia mie. Bosi alikuwa ananifokea, mtoto analia, nikamwambia shika hili. Mie mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Najua."

Akainua uso. "Unajua? Tangu lini?"

"Tangu tarehe sita."

"Na hukumwambia Benja?"

"Lilikuwa lako la kusema."

Alifunika uso kwa kanga yangu iliyokuwa kitini. "Niliogopa, mama. Hapa kwako kila kitu kinapimwa. Mvua inaandikwa, mtoto anapimwa mlangoni, ua linapimwa. Nikajua na mie napimwa. Nikaona bora iwe shetani kuliko niwe mie."

Liliniingia. Nilitaka kumwambia sijawahi kumpima, lakini madaftari ya nyuma yapo kabatini na yanajua. "Alichelewa dakika arobaini." "Uji kaweka sukari nyingi." Nimeyaandika mimi.

"Benjamin nilimpa kifutio cha ofisi," nikamwambia. "Alikimeza. Anselmo alikufa hajui."

Akanitazama. Kisha akaangua kicheko cha puani, kile cha mtu anayelia, nami nikamfuata. Hope alituangalia wote wawili, akaona hatuna maana, akaenda kumgongea Rosalia mlango. Alirudi na kipande cha gimbi kila mkono.

"Limepikwa?" aliuliza Blessing.

"Limepikwa mpaka limetubu!" Rosalia alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta.

Dei kea wameshaiambia hapana. Hope amebaki. Blessing analala hapa pia, kesho atakwenda kazini kutokea hapa. Alipanga nguo za mtoto mwenyewe kwenye droo, zote.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Uji: vijiko viwili vya sukari. Kanywa wote.

Ijumaa, 25 Aprili

Rosalia kanirudishia pingili moja ya ua aliloniibia, eti dhamiri. Nimemwambia aendelee nalo. Nimefunga mashauri.

Jumamosi, 26 Aprili

Blessing alikuja kumchukua Hope. Alikaa mpaka chakula, akaomba kiti afute vumbi juu ya kabati, nikamwacha peke yake sebuleni nikaenda kuanua nguo. Alipoondoka alikuwa amekumbatia mkoba kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba maji. Begi la Hope lilikuwa na nguo za Jumapili tu.

Jumapili, 27 Aprili

Hakuna mvua. Anga limeoshwa.

Ua: mita 10 na sentimita 98. Limepungua pingili mbili, kwenye ncha, karibu na dirisha. Kata ni safi, ya mkasi.

Limetoka bila saini. Sijauliza.